Wakikuahidi Kinamasi Kipya, Uliza Kwanza Maji Yatatoka Wapi

Juma hili tunazungumza juu ya mahali ambapo wengi wetu tumechafua miguu tangu utoto, lakini hatupasemi sana kwenye mikutano. Ni kinamasi, kile wengine tunakiita bishanga na wengine mare, bonde lenye maji na mafunjo chini ya kilima.

Nilikuwa na umri wa miaka kama tisa. Chini ya kilima chetu palikuwa na kinamasi ambacho mama yangu alikilima pembezoni. Mwezi wa sita, kilima kikiwa kimekauka na maharage ya juu yamekwisha kuvunwa, yeye alishuka na jembe, akapanda maharage mengine, mateke na viazi vitamu. Mwezi wa nane na wa tisa, nyumba nyingine zilipokuwa zinanunua chakula, sisi tulikula cha kwetu. Siku moja wakaja wanaume na majembe na makoleo, wakachimba mfereji mrefu katikati ya bonde. Mwenye ardhi alitaka majani ya ng'ombe. Hakuna mwanamke hata mmoja aliyeulizwa.

Mwaka wa kwanza tulifurahi kidogo, maana njia ya kwenda sokoni ilikauka na hatukuzama tena matopeni. Mwaka wa pili chemchemi iliyokuwa pembeni ikaanza kutoa maji kama uzi. Mwaka wa tatu tulikuwa tunavuka kilima kwenda kuchota bonde la pili, na safari ikaongezeka kwa saa nzima kila siku. Ukipiga hesabu, saa moja kila siku kwa mwaka mzima ni saa 365. Hizo ni siku 15 za usiku na mchana, ambazo msichana mmoja alizipoteza na bidoni mgongoni. Msichana huyo nilikuwa mimi.

Leo mabonde ya namna ile yanaendelea kuondoka. Lakini kuna neno jipya ambalo tunaanza kulisikia kwa watu wa miradi: wanasema, "Tutaharibu hapa, lakini tutatengeneza kingine pale." Kinamasi kipya badala ya cha zamani. Je, mama, jambo hilo linawezekana? Na kama linawezekana, linamfaidia nani? Tuliangalie pamoja, polepole.

Kazi ambayo kinamasi kinafanya bila mshahara

Kinamasi ni kama sifongo ya kuoshea vyombo. Mvua ikinyesha kwa nguvu kilimani, maji yanakimbia na udongo wetu. Yakifika kwenye mafunjo na matete, yanapunguza mwendo. Udongo unatua chini, maji yanabaki na kutoka kidogo kidogo. Ndiyo maana kijito kilicho chini ya kinamasi kizuri kinatiririka hata mwezi wa saba, na ndiyo maana maji yake hayana rangi ya tofali.

Mabonde ya Masisi yakishindwa kazi hiyo, mzigo unashuka. Maji mengi ya upande wa magharibi wa Masisi yanaenda kwenye mto Lowa, yanapita Walikale, yanaingia Lualaba, ndiyo mto Kongo wenyewe. Kwa hiyo mama wa Nyabiondo na mama wa Walikale wanakunywa kutoka mtungi mmoja, hata kama hawajawahi kuonana.

Kule Walikale vinamasi vina sura nyingine. Vingi viko ndani ya msitu, penye rafia na giza. Humo mama zetu wanafunga kijito kidogo, wanatoa maji kwa vikapu na masufuria, wanaokota samaki wadogo na kaa. Humo wanapata majani ya kufungia chakula, kamba za kufumia na dawa za nyumbani. Mtu wa ofisini akiangalia ramani, anaona "ardhi tupu yenye maji". Mama akiangalia, anaona jiko lake.

Tena kuna habari ya malaria. Wengi wanafikiri kukausha kinamasi ni kuondoa mbu. Watafiti waliofanya kazi kwenye milima ya Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, walitangaza mwaka 2000 kwamba vijiji vilivyo kando ya vinamasi vilivyogeuzwa mashamba vilikuwa na usiku wa joto zaidi kuliko vijiji vilivyo kando ya vinamasi vya mafunjo. Na joto lilipopanda, mbu wa malaria ndani ya nyumba waliongezeka. Sababu si ngumu kuelewa. Mbu huyo anapenda vidimbwi vidogo vilivyo wazi, vinavyopigwa na jua, kama vile vinavyobaki kwenye mifereji na kwenye alama za kwato. Mafunjo yaliyosongamana yanampa kivuli na baridi, navyo havimfai.

Ni nani anavimaliza

Tusiwanyooshee wengine kidole tukajisahau. Sisi wenyewe tunalima mpaka katikati. Tunapanda mikaratusi bondeni kwa sababu inakua haraka na inatoa mbao, halafu tunashangaa chemchemi imekauka, maana mti huo unakunywa sana. Tunafyatua matofali ya udongo mahali palepale.

Lakini kuna mikono mikubwa kuliko yetu. Tangu wakati wa wakoloni, ardhi kubwa za Masisi zilitolewa kwa mashamba na malisho, na mabonde yakachimbwa mifereji. Tunapenda maziwa na jibini ya Masisi, na hakuna mama atakayekataa ng'ombe. Hata hivyo tuseme ukweli kwamba majani mengi ya ng'ombe yameota mahali palipokuwa na mafunjo. Kuna machimbo. Huko Rubaya koltani inaoshwa kwa maji ya vijito, na matope yake yanajaza mabonde ya chini. Kuna barabara. Barabara ikipita bondeni juu ya tuta la udongo bila matundu ya kutosha ya kupitisha maji, upande wa juu unakuwa ziwa na upande wa chini unakauka. Kila aliyesafiri kwa barabara ya taifa namba 3, ile ya Bukavu kwenda Kisangani kupitia Walikale, ameona mahali pa namna hiyo.

Na kuna vita. Watu wakikimbia, wanajenga mahali penye nafasi, na mara nyingi nafasi iliyobaki ni bonde. Mama aliyekimbia na watoto wanne hawezi kuulizwa kwa nini amelima kinamasi. Tunamwelewa, wengi wetu tumekuwa yeye. Lakini bonde halijui vita, linahesabu tu majembe.

Mwisho wa mambo hayo tuliuona jirani zetu. Mwezi wa 5 mwaka 2023, mvua kubwa iliangusha vilima na kufurisha mito kule Kalehe, Kivu ya Kusini, kwenye vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa. Haikuwa kwa sababu moja tu, maana mvua yenyewe ilikuwa kali mno. Lakini kilima kisicho na miti na bonde lisilo na mahali pa kupumzisha maji havina cha kupunguza nguvu ya mto.

Wazo la kulipa bonde kwa bonde

Wazo la kutengeneza kinamasi kipya badala ya kilichoharibiwa lilipata nguvu Marekani. Mwaka 1972 walitoa sheria ya maji safi, na mwaka 1989 Rais George H. W. Bush aliweka shabaha kwamba nchi isipoteze tena jumla ya vinamasi vyake. Anayetaka kujenga juu ya kinamasi alitakiwa kupita hatua tatu, na utaratibu huo sasa unafuatwa na miradi mikubwa mahali pengi duniani. Ushike vizuri, mama, kwa sababu ndio moyo wa mazungumzo yote:

Kwanza, epuka. Je, barabara, soko au mgodi hauwezi kupita mahali pengine?

Pili, punguza. Kama hauwezi, basi uharibu kidogo iwezekanavyo. Weka madaraja, weka matundu ya maji, usimwage matope.

Tatu, fidia. Kwa kile kilichobaki ambacho hakikuweza kuokolewa, tengeneza au ponyesha kinamasi kingine.

Fidia ni ya tatu. Mtu akija kijijini na kuanza moja kwa moja na hatua ya tatu, ujue ameruka mbili. Ni kama mtu aliyekanyaga kuku wako, na kabla ya kusema pole ameshatoa noti mfukoni.

Na Wamarekani wenyewe walijichunguza. Mwaka 2001 baraza lao la taifa la utafiti lilitoa ripoti likasema shabaha ile haikutimizwa. Baadhi ya vinamasi vilivyoahidiwa havikutengenezwa kabisa. Vingine vilitengenezwa mahali pasipo na maji ya kutosha, au havikuangaliwa tena baada ya kazi kukabidhiwa. Nchi ile ina pesa, mashine na mahakama zinazosikiliza. Ikiwa wao walidanganywa kwa karatasi, sisi tunatakiwa kufungua macho mara mbili.

Chura wa Kihansi

Tusiende mbali sana, turudi Afrika yetu. Nchini Tanzania, kwenye milima ya Udzungwa, kuna korongo linaloitwa Kihansi. Maji ya mto yalianguka humo kwa kishindo, yakatoa mvuke na manyunyu usiku na mchana. Manyunyu hayo yalilowesha vipande vidogo vya majani, kinamasi cha ajabu ambacho chote hakikuzidi hekta chache. Mwaka 1996 wataalamu walimwona humo chura mdogo wa rangi ya dhahabu, asiyefika sentimita 3, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai. Hajaonekana mahali pengine popote duniani.

Wakati huo bwawa la umeme lilikuwa tayari linajengwa juu ya korongo. Tanzania ilihitaji umeme, na mtambo wa Kihansi unatoa megawati 180. Bwawa lilipoanza kazi, karibu maji yote yaliyokuwa yakianguka korongoni yalielekezwa kwenye mitambo. Manyunyu yakaisha, majani yakakauka.

Hapo ndipo watu walipojaribu kutengeneza kinamasi kwa mikono. Waliweka mabomba yenye vitundu vidogo ili yanyunyize maji kama zamani. Mwezi wa 11 mwaka 2000, vyura 499 walichukuliwa kwa ndege mpaka New York, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, ili mbegu yao isipotee. Mabomba yalisaidia: majani yalirudi, na kwa muda vyura waliongezeka wakafika maelfu. Halafu mwaka 2003 kuingia 2004 wakaanguka ghafla, karibu wote wakaisha. Ugonjwa wa ukungu unaoua vyura duniani ulikutwa hapo. Mwaka 2009 ilitangazwa rasmi kwamba hayupo tena porini. Mwaka 2012 wataalamu wakaanza kuwarudisha, kama 2,000, waliozaliwa kwa wale waliopelekwa Marekani. Mabomba yanahitaji kutunzwa mpaka leo.

Mama anaweza kusema: "Mimi nina watoto wa kulisha, chura ananihusu nini?" Nakusikia. Lakini angalia somo. Kulikuwa na pesa za wafadhili, wataalamu na ndege, na kipande kilikuwa kidogo kuliko malisho ya familia moja ya Masisi. Hata hivyo, kazi ambayo maporomoko yalifanya bure sasa inataka mtu wa kuzibua mabomba kila siku, miaka yote. Kinamasi kilichotengenezwa na watu ni kama mtoto wa kulea. Ukikizaa ukakiacha, kinakufa.

Rugezi: kuponya ni rahisi kuliko kuzaa

Mfano wa pili uko karibu zaidi, upande wa pili wa mpaka. Kaskazini mwa Rwanda kuna kinamasi kikubwa kinachoitwa Rugezi, karibu hekta 6,700. Maji yake yanaenda ziwa Burera, kisha Ruhondo, na katikati yake kuna mtambo wa umeme wa Ntaruka. Watu walilima ndani ya Rugezi, vilima vya pembeni vikavuliwa miti, mifereji ikachimbwa. Karibu mwaka 2003 na 2004, ziwa lilishuka mpaka umeme ukapungua sana, na nchi ikalazimika kutumia majenereta ya mafuta yenye bei kali.

Ndipo serikali ikasimamisha kilimo ndani ya kinamasi. Wakapanda mkanda wa majani na mianzi pembezoni, wakatengeneza matuta kwenye vilima, wakasambaza majiko yanayopunguza kuni. Maji yakapanda tena, umeme ukarudi. Mwaka 2010 Rwanda ilipewa tuzo ya Green Globe kwa kazi hiyo.

Hapa kuna masomo mawili. La kwanza ni zuri: kuponya kinamasi kilichojeruhiwa ni rahisi kuliko kutengeneza kipya pasipokuwa na kitu, kwa sababu maji bado yanaijua njia yake. La pili ni chungu. Waliolima mle walitolewa, na wengi wao walikuwa watu maskini walioishi kwa mashamba hayo. Ziwa lilipona, lakini kuna majiko yaliyopungukiwa. Mradi ukija kwetu ukisema "tunaponyesha kinamasi", swali la mama ni hili: na mateke yangu ya mwezi wa nane yataota wapi?

Katika mji wa Kigali vilevile kuna Nyandungu, bonde lililokuwa limechakaa. Lilirekebishwa kwa miaka kadhaa, likafunguliwa mwaka 2022 kama bustani ya hekta 121, lenye mabwawa ya kusafisha maji, miti ya asili na njia za kutembelea. Na kule Naivasha, Kenya, mashamba ya maua yametengeneza vinamasi vidogo vya kuchuja maji machafu kabla hayajaingia ziwani. Kwa hiyo inawezekana. Kazi ya watu inaweza kusafisha maji na kupunguza mafuriko.

Kitu kimoja hakiwezekani. Ndani ya vinamasi vya zamani kuna udongo mweusi laini uliotokana na majani yasiyooza yote. Katikati ya bonde la Kongo, kwetu na kwa jirani zetu wa Brazzaville, wataalamu walipima udongo huo, na mwaka 2017 wakasema umeenea kilometa za mraba kama 145,000. Ulianza kujikusanya miaka zaidi ya 10,000 iliyopita. Hakuna mkataba unaoweza kuurudisha ndani ya maisha ya wajukuu zetu. Kwa mahali kama hapo, hatua ya kwanza ndiyo pekee: epuka.

Sheria iko upande wako

Wengi wetu tunafikiri sheria ni ya watu wa Kinshasa. Lakini sheria namba 11/009 ya tarehe 9 mwezi wa 7 mwaka 2011, juu ya kulinda mazingira, inasema kwamba mradi wowote unaoweza kuharibu mazingira, uwe wa barabara, kilimo, msitu au mgodi, ni lazima kwanza ufanyiwe uchunguzi wa athari zake kwa mazingira na kwa watu, pamoja na mpango wa namna ya kuzishughulikia. Na wananchi wanatakiwa kuulizwa kabla ya kazi kuanza. Ofisi ya serikali inayochunguza karatasi hizo inaitwa Agence Congolaise de l'Environnement, kwa kifupi ACE.

Kwa machimbo kuna zaidi. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwezi wa 3 mwaka 2018 inataka kampuni iandikiane na wananchi kitabu cha masharti, yaani orodha ya mambo itakayowafanyia. Tena inataka itenge 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wa pale. Kwa mama wa Walikale, ambako mgodi wa bati wa Bisie unafanya kazi kwa mashine, si jambo la kusikia tu redioni. Ni pesa ambazo wanawake wana haki ya kusema zifanye nini, na bonde la maji linaweza kuwa mojawapo.

Tunajua kwamba haki iliyo kwenye karatasi na haki iliyo kijijini si ndugu wa tumbo moja. Kuna mahali ambapo leo ofisi imefungwa, au mwenye bunduki ndiye sheria. Hatumwambii mama yeyote aende peke yake kumpinga mtu mwenye nguvu. Nendeni kwa kikundi, na mpite kwa wakubwa mnaowaamini: Mwami, shefu wa kijiji, mwalimu, muuguzi. Maswali yaulizwe kwa heshima, mbele ya watu wengi, na mwenye kujua kuandika aandike majibu.

Maswali sita ya kupeleka barazani

Kata ukurasa huu, mama, uuweke pamoja na daftari la likelemba. Mradi ukifika na ahadi ya kinamasi kipya, ulizeni hivi:

1. Mmetafuta njia gani ya kuepuka bonde letu, na kwa nini mmeshindwa? Tuonyesheni ramani.

2. Kinamasi kipya kitapata maji yake wapi mwezi wa saba? Mtu asiyeweza kujibu swali hili anataka kuchimba shimo tu.

3. Kitakuwa wapi? Kama kile cha zamani kilikuwa kinazuia mafuriko ya kijiji chetu, kingine kilicho mbali siku mbili hakitatusaidia. Ndege watahamia huko, lakini nyumba zetu zitabaki hapa.

4. Kitaanza lini? Kinamasi kipya kinahitaji miaka kabla hakijashika kazi. Heri kianze kabla ya cha zamani hakijafunikwa, na heri kiwe kikubwa kuliko kile kinachopotea, kwa sababu kipya hakifanyi kazi kama cha zamani.

5. Ardhi hiyo ni ya nani, na nani amelima hapo mpaka sasa? Fidia isiwe ya kumnyang'anya mama mwingine. Kama ni mtu aliyekimbia vita akaacha shamba, siku akirudi atapata nini?

6. Nani atakitunza miaka 10 ijayo, na nani atamlipa? Wanawake wangapi wako kwenye kamati, na ni nani kati yao anayeweza kutia sahihi?

Tunachoweza kuanza wenyewe

Tusingojee mradi. Siku ya salongo, kikundi cha mama 20 kinaweza kuponya bonde dogo. Anzeni na lile lililochimbwa mfereji na sasa halimfaidii mtu. Kwanza kubalianeni na mwenye ardhi na shefu, mbele ya mashahidi, kwa maandishi. Kazi bila makubaliano italeta ugomvi, na Masisi ina ugomvi wa ardhi wa kutosha.

Kisha zibeni mfereji mahali pachache kwa udongo wa mfinyanzi, mawe na mifuko ya mchanga, ili maji yapungue mwendo na kusambaa. Acheni mlango mdogo wa maji ya ziada, la sivyo mvua ya kwanza itabomoa yote. Msichimbe kwenye jicho la chemchemi. Chukueni vipande vya mizizi ya mafunjo na matete kutoka bonde la jirani, mvipande kwenye matope. Pembezoni, pandeni majani ya tembo upana wa hatua kumi hivi. Majani hayo yanakamata udongo, na mnaweza kuyakata kwa ajili ya mbuzi na ng'ombe, ili wanyama wasiingie ndani. Ng'oeni mikaratusi iliyo karibu na maji, muweke mianzi au miti ya kienyeji.

Mashamba ya kiangazi hayahitaji kufa. Limeni ukingo wa nje, acheni katikati na mwanzo wa maji. Mafunjo yakikomaa, yakateni kwa zamu kwa ajili ya mikeka na vikapu. Yataota tena. Na watoto wafundishwe kutochezea maji hayo bila mkubwa, maana maji yaliyotulia hayana urafiki. Vyandarua viendelee kutundikwa kila usiku, kinamasi kizuri au kibaya.

Hamtaona faida mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili angalieni rangi ya maji baada ya mvua. Mwaka wa tatu angalieni chemchemi mwezi wa nane. Andikeni mnachoona kwenye daftari, tarehe na yote. Siku mtu wa mradi akija kusema bonde lenu ni ardhi tupu, mtafungua daftari hilo mbele yake.

Mama yangu alizeeka akivuka kilima kile kwenda kuchota. Hakuwahi kulalamika juu ya mfereji. Kila mara tulipopita juu yake alisimama kidogo, akaangalia chini, akasema tu, "Hapa palikuwa na maji." Sitaki binti yangu amwambie wake maneno hayo.

Juma lijalo, kila kikundi kituletee jina la bonde moja la kijiji chake na hali yake: linatoa maji mwezi wa saba, au limekwisha? Tutayaandika yote humu, kutoka Sake mpaka Walikale. Salamu kwa watoto.